Onyo Si Kosa Dogo

Waandishi wengi wa programu hujifunza mapema kuyapanga maneno ya kompaila katika ngazi mbili. Ngazi ya juu ni kosa: maandishi mekundu, kazi imesimama, hakuna programu iliyopatikana. Ngazi ya chini ni onyo: kompaila imenung'unika kidogo, ikaendelea, na mwishoni programu ipo tayari kujaribiwa. Kwa kuwa programu imepatikana, onyo linawekwa kando mpaka siku ya nafasi, na siku ya nafasi haiji. Nadai kwamba mpangilio huu umekaa kichwa chini miguu juu. Mpaka kati ya kosa na onyo haukuwekwa kwa kupima ukubwa wa madhara. Uliwekwa kwa kupima mambo mengine mawili: kompaila ina uhakika kiasi gani, na ni msimbo mzee kiasi gani ungekwama iwapo onyo lingegeuzwa kosa. Kwa mtu atakayeitumia programu hiyo, kosa la kompaila halina madhara yoyote, maana halimfikii kamwe. Linaloweza kumfikia ni lile lililoonywa likaachwa.

Tuanze na uhakika. Kompaila ya lugha ya C ikipokea faili, hulivunja kwanza katika vipande vidogo vya maneno na alama, huvipanga kwa kufuata sarufi ya lugha, hukagua kama aina za data zinapatana, ndipo huanza kutoa maelekezo ya mashine. Mabano yakifunguliwa yasifungwe, sarufi haikamiliki, na hakuna maana yoyote ya kugeuza kuwa maelekezo. Hapo kompaila haina shaka, na haihitaji busara kusema kwamba kuna kosa. Lakini ziko sentensi ambazo sarufi inazikubali, aina za data zinapatana, maana ipo wazi, ila maana hiyo yaelekea siyo aliyoikusudia mwandishi. Mfano wa darasani ni `if (salio = 0)`. Mwandishi alitaka kuuliza kama salio ni sifuri. Katika C alama moja ya usawa ni kuweka thamani, mbili ndizo za kulinganisha, kwa hiyo alichoandika ni amri ya kulifanya salio kuwa sifuri. Amri hiyo ni halali na ina thamani yake, ambayo ni sifuri, kwa hiyo sharti halitimii kamwe, na salio la mteja limefutika njiani bila kelele. Kompaila haiwezi kuliita jambo hili kosa, kwa sababu waandishi wa C wana desturi ya miaka mingi ya kuweka thamani na kuipima papo hapo katika mstari mmoja, tena kwa makusudi. Linalobaki ni kumwuliza mtu: kweli ulimaanisha hivi? Swali hilo ndilo onyo.

Na swali hilo lina jibu linalokubalika. Ukiongeza jozi moja ya mabano, `if ((salio = 0))`, kompaila iitwayo GCC huchukulia kwamba umekusudia, nayo hunyamaza. Kisa kimoja kinaonyesha hatari ya kimya hicho: Novemba 2003 mtu asiyejulikana alipenyeza mistari miwili katika nakala ya msimbo wa Linux iliyokuwa kwenye hifadhi ya CVS. Kwa kuitupia jicho tu, mistari ile ilionekana kukagua vigezo batili katika wito wa mfumo unaohusiana na wait4. Ndani ya sharti lake kulikuwa na `(current->uid = 0)`. Programu ambayo ingeuita wito ule kwa vigezo fulani isingeulizwa kama inaendeshwa na mtumiaji namba sifuri. Ingefanywa kuwa yake. Katika mifumo ya ukoo wa Unix namba sifuri ni ya msimamizi mkuu, asiyezuiwa na lolote. Mabano yale, ambayo sarufi yenyewe iliyadai mahali pale, yalitosha pia kuifanya GCC isiseme neno. Mlango huo wa siri uligunduliwa kwa sababu nakala ya CVS haikulingana na hifadhi kuu iliyokuwa BitKeeper, na haukuwahi kuingia katika Linux rasmi. Ukichukua kosa lile lile la alama moja ya usawa, ukaliweka bila mabano katika sharti la kawaida, utapata onyo, mradi maonyo yamewashwa. Ukalizungushia mabano, utapata kimya. Hatari haikubadilika hata chembe kati ya hali hizi mbili. Kilichobadilika ni kile ambacho kompaila inaweza kukidhania kuhusu nia ya mwandishi.

Jambo la pili, lile la msimbo mzee, halifundishwi sana darasani, nalo ndilo lenye mambo mengi zaidi. Waraka rasmi wa lugha ya C, uliotolewa mara ya kwanza Marekani mwaka 1989, hauweki mpaka wa lazima kati ya kosa na onyo. Unachotaka ni kwamba programu ikivunja kanuni fulani za sarufi au za aina za data, kompaila itoe taarifa. Basi. Ikishaitoa, inaruhusiwa kuendelea na kutengeneza programu ikipenda. Katika toleo la 1999 mahali ambapo waraka unaikataza kompaila kufaulu ni pale mwandishi mwenyewe alipoandika amri ya `#error` akitaka kazi isimame. Kwa maneno mengine, kile tunachokiona kwenye skrini kikiitwa kosa au onyo ni uamuzi wa watengenezaji wa kompaila, na katika kuamua huko wao hawajiulizi tu kama jambo ni baya. Hujiuliza pia ni watu wangapi wataamka kesho wakute msimbo uliokuwa ukijengeka jana haujengeki tena.

Chukua kisa cha fanksheni isiyotangazwa. C ya zamani ilikuruhusu kuita fanksheni ambayo kompaila haijawahi kuisikia. Ilijisemea tu kwamba itarudisha namba nzima ya kawaida, ikaendelea. Toleo la 1999 la lugha liliiondoa ruhusa hiyo. Je, GCC ilianza kulitangaza jambo hilo kuwa kosa? Haikuthubutu. Kwa miaka mingi hata onyo lenyewe ulipaswa kuliomba, mpaka GCC 5 ya mwaka 2015 ilipohamia kwenye toleo jipya la lugha kama mpangilio wake wa kawaida. Apple waligeuza jambo hili kuwa kosa katika vyombo vyao vya Xcode 12 mwaka 2020, kompaila ya Clang ikafuata katika toleo la 16 mwaka 2023, na GCC ikafika huko katika toleo la 14, Mei 2024. Robo karne nzima, jambo ambalo lugha ilikwisha kulipiga marufuku liliendelea kupita likiitwa onyo.

Na jambo lenyewe si dogo hata kidogo. Tuseme faili moja la mradi lina fanksheni `tafuta_mteja`, inayorudisha anwani ya kumbukumbu ya mteja katika RAM. Faili la pili linaiita, lakini mwandishi amesahau kuleta tangazo lake. Kompaila inadhani kitakachorudi ni namba nzima ya biti 32. Kwenye mashine ya kisasa anwani ina biti 64. Kwa hiyo kompaila inachukua nusu ya chini ya kile kilichorudi, inaitupa nusu ya juu, halafu inajaza pengo kwa kurudufu biti ya juu kabisa ya nusu ile iliyobaki. Inatoa maonyo mawili kwa mstari huo mmoja: kwamba fanksheni haikutangazwa, na kwamba namba nzima inageuzwa anwani bila kusemwa. Halafu inatengeneza programu. Ajabu ni kwamba programu hiyo inaweza kufanya kazi vizuri kwa miaka. Katika ujenzi wa zamani wa Linux, programu ilipakiwa kwenye anwani za chini, na kumbukumbu iliyoombwa nayo mara nyingi ilikaa jirani hapo, ambako nusu ya juu ya anwani ni sifuri tupu. Ukitupa sifuri na kujaza sifuri, hujapoteza kitu. Mifumo ya Linux kama Ubuntu 16.10 ya mwaka 2016 na Debian 9 ya mwaka 2017 ilipoanza kujenga programu zinazoweza kupakiwa popote katika RAM, ili kuwapa kazi wavamizi, anwani zikapanda juu na nusu iliyokuwa ikitupwa ikawa na maana. Msimbo haukuguswa. Onyo lilikuwa lile lile tangu mwanzo. Programu ikaanza kufa. Anayesema "mbona inafanya kazi" anasema kweli kuhusu mashine aliyonayo na siku aliyonayo tu. Onyo lilikuwa likisema juu ya mashine zote.

Hapa msomaji makini atauliza: kama jambo ni la hatari kiasi hicho, si waliochelewa kuligeuza kosa walikuwa wazembe? Sidhani. Kuna sababu moja ya kiufundi ambayo inapindua hata ile fikra kwamba kosa husimamisha kazi daima. Miradi mingi ya C, kabla haijajengwa, huendesha hati iitwayo `configure`, inayoandika vijiprogramu vidogo na kuvipitisha kwenye kompaila kimoja baada ya kingine ili kujua mfumo huu una uwezo gani. Kijiprogramu kikijengeka, hati inaandika kwamba uwezo upo. Kikikataa, inaandika kwamba haupo, na kazi inaendelea kimya kimya. Sasa vijiprogramu vile viliandikwa zamani kwa haraka, na vingi viliita fanksheni bila kuzitangaza. Geuza onyo kuwa kosa, na vitashindwa vyote kwa sababu isiyohusiana na swali lililoulizwa. Mradi utajengwa bila kulalamika, ukiwa umepungukiwa na uwezo fulani, pengine hata kinga fulani ya usalama, na hakuna atakayejua. Ndiyo maana wahandisi wa Fedora, mfumo mwingine wa Linux, walipitia vifurushi kwa muda mrefu kabla ya GCC 14 kutoka, wakitafuta si vile vinavyokwama, ambavyo hujitangaza vyenyewe, bali vile vinavyobadilika bila kukwama. Kwa hiyo kuchelewa kulikuwa na hesabu yake. Lakini angalia hesabu yenyewe inahusu nini: gharama ya mabadiliko kwa ulimwengu mzima wa msimbo mzee. Haikuwahi kuwa ushahidi kwamba onyo lile halina uzito katika mradi wako mpya, ambao hauna hati ya mwaka 1995 ya kuihofia.

Kuna pia upande wa kimya, na ni lazima nikiri kwamba unaitia doa hoja yangu kama ukiisoma kwa haraka. Februari 2014 Apple walitoa iOS 7.0.6 kuziba tundu katika ukaguzi wa vyeti vya mawasiliano salama. Katika fanksheni inayohakiki sahihi ya seva, mstari `goto fail;` ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulitawaliwa na sharti la `if` lililo juu yake. Wa pili, ingawa ulisogezwa ndani sawasawa na mwenzake, haukutawaliwa na kitu. Uliruka kila mara, ukapita juu ya hatua ya mwisho ya uhakiki, huku jibu lililokuwa limeshikiliwa likiwa ni la kufaulu. Aliyekaa katikati ya simu na seva angeweza kujifanya seva yenyewe. Kwa mipangilio ya kawaida ya wakati ule, kompaila haikutoa kosa wala onyo. Hata swichi ya maonyo `-Wall`, ambayo jina lake linaahidi yote, haikugusa. Jina hilo ni la kupotosha kuliko mengi katika taaluma hii, maana huacha nje maonyo mengi, na ndiyo sababu kuna `-Wextra` juu yake. Clang ilikuwa na onyo la msimbo usiofikika ambalo lingeuonyesha mstari ule, ila ulipaswa kulitaja kwa jina. GCC iliongeza katika toleo la 6, mwaka 2016, onyo la mistari iliyosogezwa ndani kwa namna inayodanganya jicho, na safari hii ikaliweka ndani ya `-Wall`. Funzo la kisa hiki ni kwamba ukimya wa kompaila si cheti cha afya. Lakini ni kosa kuhitimisha kwamba basi maonyo hayana thamani. Kama kasoro zenye madhara ya namna hii zinaweza kupita pasipo neno, basi neno linapotolewa bure linastahili kusikilizwa zaidi, si kidogo.

Pingamizi linalosikika mara nyingi ni la maonyo ya uongo. Ni kweli yapo. GCC inaweza kukuambia kwamba kigeu fulani huenda kinasomwa kabla ya kupewa thamani, nawe ukaona wazi kwamba njia hiyo haiwezekani, kwa kuwa sharti la mwanzo limeizuia. Kompaila haikuweza kuufuata uhusiano wa masharti mawili yaliyoachana mbali. Maonyo ya aina hii yakirundikana, mradi hutapika mamia ya mistari kila unapojengwa, na wafanyakazi wake hujizoeza kutoiona. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Onyo jipya, lile la kweli lililoletwa na mabadiliko ya jana, linazama katikati ya yale yaliyozoeleka. Wanaotumia hoja hii kuyatetea mazoea ya kupuuza hawatambui kwamba wanaeleza ubaya wa kuacha maonyo yarundikane, jambo ambalo tunakubaliana nalo kabisa. Mradi wenye maonyo sifuri unalisikia la kwanza siku hiyo hiyo. Gharama ya kufika sifuri, hata ukihesabu marekebisho machache yasiyo ya lazima, hulipwa mara moja. Gharama ya kelele hulipwa kila siku.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kwamba kuyanyamazisha maonyo kunaweza kuleta balaa kubwa kuliko maonyo yenyewe, na ushahidi wake hauna ubishi. Mei 2006, katika kifurushi cha Debian cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, mistari miwili ilizimwa kwa sababu Valgrind, chombo kinachokagua matumizi ya kumbukumbu, ilikuwa ikilalamika kwamba data isiyopewa thamani inasomwa. Mistari yenyewe ilifanana: yote iliita `MD_Update` juu ya akiba fulani ya baiti. Ila kazi zake zilikuwa mbalimbali. Mmoja kweli ulisoma akiba ambayo huenda haikujazwa, na kuuondoa kusingedhuru kitu. Wa pili ndio uliokuwa njia ambamo vyanzo vyote vya kutotabirika huingizwa katika kizalishaji cha namba za nasibu. Baada ya kuzimwa kwake, kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa karibu ni namba ya mchakato tu, ambayo haikuzidi 32,768. Kwa karibu miaka miwili, mpaka tangazo la tarehe 13 Mei 2008, funguo za SSH na vyeti vilivyotengenezwa kwenye Debian na mifumo iliyozaliwa nayo, Ubuntu ikiwemo, vingeweza kukisiwa kwa kujaribu orodha fupi. Valgrind si kompaila, lakini tabia ya binadamu mbele ya onyo ni ile ile. Kisa hiki huelezwa kana kwamba kinathibitisha kwamba ni bora kuacha maonyo yalivyo. Mimi naona kinathibitisha jambo jingine: onyo ni swali, na mistari miwili inayofanana inaweza kuhitaji majibu mawili tofauti. Aliyelichukulia onyo kama uchafu wa kufagiwa na aliyelichukulia kama kelele ya kupuuzwa wamefanya jambo moja, yaani wote hawakulijibu.

Basi kwa nini tusimalize ubishi kwa kufuta ngazi ya onyo kabisa? Watengenezaji wa lugha ya Go walifanya hivyo. Katika lugha hiyo iliyotangazwa mwaka 2009, kigeu ambacho hakikutumika ni kosa, maktaba iliyoletwa bila kutumika ni kosa, na kompaila haina maonyo. Hoja yao ni nyoofu: jambo linalostahili kulalamikiwa linastahili kurekebishwa, na lisilostahili kurekebishwa lisitajwe. Inavutia. Lakini Go inakuja na chombo cha pembeni kiitwacho `go vet`, kinachotafuta mambo yanayotiliwa shaka, kwa mfano fanksheni ya kuchapisha iliyopewa thamani za aina isiyolingana na muundo wake. Tangu toleo la 1.10 la mwaka 2018, sehemu ya ukaguzi huo huendeshwa yenyewe kila unapojaribu programu yako kwa `go test`. Onyo lilitolewa mlangoni likarudi dirishani. Na mgawanyo huo si mpya: mwishoni mwa miaka ya 1970 Stephen C. Johnson wa Bell Labs aliandika `lint`, programu iliyokuwa ikikagua msimbo wa C nje ya kompaila, ili kompaila ifanye kazi yake upesi na ukaguzi wa polepole ufanywe kwingine. Kila lugha inahitaji mahali pa kusemea yale ambayo haina uhakika nayo. Ukiyafungia nje ya kompaila, swali linabaki lile lile, ila sasa ni lazima mtu akumbuke kuuliza.

Njia nyingine ni `-Werror`, inayoiambia GCC au Clang kuchukulia kila onyo kuwa kosa. Septemba 2021 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiwasha kwa ujenzi wote wa Linux wakati toleo la 5.15 likiandaliwa, akiwa amechoshwa na maonyo yaliyoletwa na wachangiaji wasiojenga kazi zao kwa uangalifu. Siku chache baadaye ilibidi alegeze: mpangilio ukabaki, lakini ukawa wa kawaida katika ujenzi wa majaribio tu. Linux hujengwa kwa kompaila za matoleo mengi na kwa aina nyingi za vichakato, na kila mchanganyiko una maonyo yake. Hapa ndipo wapinzani wa `-Werror` wana haki. Kompaila mpya huja na maonyo mapya. Msimbo uliokuwa safi jana unakuwa na doa leo pasipo mtu kuugusa, na mtumiaji aliyepakua programu yako ili aijenge kwenye mashine yake anakwama kwa jambo lisilomhusu na asiloweza kulirekebisha. Lakini pingamizi hilo linahusu mahali pa kuweka kanuni, haligusi kanuni yenyewe. Kwenye seva inayojenga na kujaribu mabadiliko ya timu, ambako toleo la kompaila linajulikana na limefungwa, `-Werror` iwe ya lazima. Katika kifurushi kinachotoka kwenda kwa watu, isiwepo. Watengenezaji wa Rust wameuweka utengano huu ndani ya vyombo vyenyewe: unaweza kugeuza maonyo kuwa makosa katika msimbo wako, huku maonyo ya maktaba ulizozitegemea yakipunguzwa makali ili yasikusimamishe.

Wenye mradi mkongwe uliojaa maonyo watasema ushauri huu ni wa wanaoanza upya. Si kweli kabisa. Seva ile ile inaweza kuhesabu maonyo na kukataa badiliko lolote linaloongeza idadi. Hapo hakuna anayelazimishwa kusimamisha kazi mwezi mzima ili kusafisha, na idadi haina pa kwenda isipokuwa chini. Onyo likithibitika kuwa la uongo, linyamazishwe kwenye mstari huo huo na sababu iandikwe kando yake. Anayeandika Java kwa ajili ya simu za Android anajua `@SuppressWarnings`. Ukiiweka juu ya kigeu kimoja umejibu swali moja, ukiiweka juu ya darasa zima umejifungia masikio kwa maswali ambayo bado hayajaulizwa. Mwaka 2006 Gerard Holzmann wa maabara ya JPL ya NASA aliandika kanuni kumi za msimbo ambao maisha au vyombo vya angani vinautegemea. Ya kumi inataka maonyo yote ya kompaila yawashwe kuanzia siku ya kwanza ya kazi, na msimbo upite bila onyo hata moja. Kompaila ikikosea, mwandishi abadilishe msimbo mpaka uwe wazi kiasi cha kueleweka hata na kompaila. Wengi huona huo ni ukali uliopitiliza. Mimi nauona ukali huo kuwa wa haki hata kwa programu ya kawaida ya malipo au ya hospitali, kwa sababu msimbo unaoichanganya kompaila mara nyingi huwa umemchanganya pia mtu atakayeurithi.

Tahadhari moja ya vitendo kabla hujaamini kwamba mradi wako ni safi. Vyombo vya ujenzi havirudii faili ambalo halikubadilika, kwa hiyo onyo lake huonekana mara moja, siku faili lilipojengwa, na halionekani tena mpaka mtu aliguse. Skrini inaweza kuwa nyeupe kwa miezi mitatu ilhali maonyo yamelala ndani. Futa matokeo yote ya ujenzi uliopita, washa `-Wall` na `-Wextra`, jenga upya kutoka mwanzo, elekeza maneno yote ya kompaila kwenye faili, kisha uyasome ukianzia mstari wa kwanza.